Mstari Unaopanda

Kila Jumatatu naanza na makasha.
Visu vyaja vimelala ndani ya mirija ya plastiki,
kila kimoja na namba yake, tarehe, mtaa,
na jina la askari aliyekichomoa kiunoni mwa mtu.

Mimi Hazel Staniforth, mtunza vielelezo,
mwaka wa kumi na tisa chini ya ngazi hizi,
hapa Sheffield, mji uliokula kwa makali yake:
visu vya mkate, vya siagi, mikasi ya vinyozi.
Baba yangu aliinamia jiwe la kunolea
miaka thelathini na moja,
mgongo ukapinda kama mundu,
akakohoa vumbi la chuma hadi wiki tuliyomzika.
Kisu kibaya, alisema, ni kisu butu.
Butu humrudia mwenyewe.

Ghorofani wanataka hesabu. Nawapa.
Mwaka juzi mia nne na kumi na mbili.
Mwaka jana mia tano na tatu.
Mwaka huu, Novemba haijaingia,
mia sita kasoro kimoja.
Mstari unapanda ukutani, mwekundu,
na Inspekta Ogley anaugonga kwa kalamu:
"Mnaona? Tunafanya kazi."
Imtiaz wa takwimu anafuta miwani.
"Au visu vimezidi, mkuu.
Au tumepekua mifuko mara mbili ya jana.
Mstari wenyewe hausemi."
Birika la chai ndilo lililojibu.

Mwaka ule wa kujifungia ndani
mstari ulianguka kama mtu aliyeteleza bafuni.
Tulipongezana.
Visu vilikuwa majumbani tu,
vikikata vitunguu,
na vingine vikifanya yasiyofika kwenye daftari langu.

Mimi takwimu sizijui. Najua mipini.
Zamani vilikuja vya kukunja, vya mafundi zulia.
Kisha vikaja vya posta, vyenye meno na madoido,
visu vya kutishia kioo.
Siku hizi vingi ni vya jikoni.
Cha nyanya. Cha kuchunia viazi.
Mpini umebabuka upande mmoja
kwa kuwekwa karibu na moto,
na mahali fulani mama anafungua droo,
anafunga, anafungua tena,
anadhani uzee umemwanza.

Mmoja wao hakudhani.
Machi, ndani ya sanduku la kusalimishia
pale nje ya kanisa,
nilikuta kisu kimeviringishwa kwa taulo la vyombo.
Lilikuwa limepigwa pasi.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Hawa hawajala nyama yoyote.
Mfuko wa Callum, miaka kumi na minne:
tiketi ya tramu, nusu pakiti ya bisi,
na kielelezo namba 388.
Cha nini? Akasema, Declan anacho.
Declan, namba 391, akaulizwa vilevile.
Akasema, Callum anacho.
Nimeviweka rafu moja.
Havijagombana.

Hiyo 388 niliigeuza kwenye mwanga.
Karibu na shina la ubavu, alama ndogo:
nyota na herufi mbili,
kiwanda kilichofungwa nikiwa msichana,
kiwanda cha baba.
Huenda kilipita kwenye jiwe lake,
huenda hakikupita; jiwe halikuwa moja.
Fomu yangu ina kisanduku: *Makali?*
Nikaandika: makali bado.
Mkono ulitaka kuongeza neno,
nikaunyima.

Mwezi ujao lori litakuja,
vyote vitarudi tanuruni kuwa uji wa chuma.
Nitatia sahihi, nakala tatu.
Ukutani watapachika nukta nyingine,
Ogley na Imtiaz wabishane ni nukta ya nini.

Jana jioni nilitaka kukata mkate.
Juu, mjukuu wangu anatembea, ubao unalia.
Nikavuta droo, nikahesabu: vitano.
Nikakumbuka kwamba sijawahi kujua vilikuwa vingapi.
Nikahesabu tena.